Skani ya parathairoidi imetoka safi, ila kalsiamu bado iko juu

Kuna sentensi naisikia sana kazini na kila nikiisikia roho inaniuma: "nilipigwa picha haikuonyesha kitu, nikaambiwa sina huo ugonjwa." Mtu kalsiamu yake kwenye damu iko juu, ana mawe ya figo yanayorudi kila yakitolewa, mifupa inamuuma usiku hadi usingizi unakata, na amerudishwa nyumbani kwa sababu ya picha. Mi ni mtu wa picha, kazi yangu ni kamera ya gama hapa Dar, yani ile inayopokea mionzi ya dawa tuliyomdunga mgonjwa, napiga picha za mifupa, za figo, za thairoidi na mara mojamoja hizi za parathairoidi, kwahiyo naomba niliseme mimi mwenyewe ambaye ningependa sana watu waziamini picha zangu: picha ya parathairoidi haigundui ugonjwa. Damu ndo inagundua. Picha kazi yake ni kumwonyesha daktari wa upasuaji aanzie wapi kukata, basi.

Tuanze na zenyewe tezi maana wengi wakisikia "tezi" na "shingo" wanawaza goita. Parathairoidi ni vitezi vidogo, kwa kawaida vinne, vimejibana nyuma ya thairoidi, ile tezi kubwa ya mbele ya shingo, viwili juu viwili chini, kila kimoja ukubwa wa punje ya mchele na uzito wa miligramu 30 hadi 50 hivi. Kuna watu wanavyo vitano, kuna wenye vitatu. Vimekaa jirani na thairoidi lakini kazi zao hazihusiani kabisa, hivi vyenyewe vinalinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Kalsiamu ikishuka kidogo tu vinamwaga homoni inaitwa PTH, hiyo homoni inachota kalsiamu kwenye mifupa, inaziambia figo zisiimwage, na inaiamsha vitamini D ili utumbo unyonye kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ikipanda vinatulia. Tatizo linaanza kitezi kimoja kikiota uvimbe usio wa saratani, adenoma, kikaacha kusikiliza, yani kalsiamu imeshapanda na chenyewe kinaendelea kumwaga tu. Karibu asilimia 80 hadi 85 ya wagonjwa ni hivyo, kitezi kimoja tu kibaya na vingine vimelala. Waliobaki wengi ni vitezi kadhaa vimekua kwa pamoja, na saratani yenyewe ni chini ya asilimia 1.

Kuna kitu nakipenda kwenye historia yake, wa kwanza kuonekana na hizi tezi hakuwa hata binadamu, alikuwa kifaru wa India aliyefia kwenye bustani ya wanyama ya London, mtaalamu wa anatomia Richard Owen akampasua karibu mwaka 1850 na akakiona kitezi kidogo pembeni ya thairoidi. Kwa binadamu ikabidi tumsubiri Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari kule Uppsala Uswidi, aliyechapisha kazi yake 1880. Fikiria watu wamepasua maiti miaka mamia na hawakuviona. Ndo udogo ninaousema huo.

Sasa dalili. Nchi ambazo mtu akipimwa chochote kalsiamu inapimwa humohumo, wagonjwa wengi wanagundulika hata hawajaumwa. Kwetu kalsiamu haipimwi hovyo, mpaka daktari aiwaze, kwahiyo wengi ninaowaona mimi wanakuja wameshachelewa: mawe kwenye figo, kukojoa sana na kiu ambayo kila mtu anadhani ni sukari halafu sukari iko sawa, choo kigumu, tumbo, kuchoka kusikoelezeka, huzuni, kusahau, mifupa kuvunjika kwa kujikwaa kidogo. Wengine wanaanzia kwa daktari wa meno kabisa maana taya limevimba, likikatwa kipande kikapelekwa maabara inaonekana ni mfupa uliolika na kujaa seli kubwakubwa, na kama hakuna aliyewaza kupima kalsiamu wanakwangua uvimbe na kumruhusu aende. Eksirei ya mkono pekee inaweza kukwambia mengi kwa mtu aliyechelewa hivi: angalia vile vipande vya katikati vya kidole cha shahada na cha kati, upande unaotazama kidole gumba, ukingo wa mfupa unakuwa umemomonyoka, hauna ule mstari mweupe uliokaza. Mara ya kwanza kuonyeshwa hiyo na mwalimu wangu sikuisahau tena.

Turudi kwenye damu. Vipimo vya kwanza ni viwili na vinasomwa pamoja, kalsiamu na PTH, tena vitoke kwenye damu ya siku moja. Kalsiamu ya kawaida maabara nyingi zinaweka kati ya 2.2 na 2.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita (au 8.5 hadi 10.5 kwa wale wanaotumia miligramu), PTH ni kama 15 hadi 65. Na hapa naomba usome taratibu maana ndipo watu wanapopotezwa: kama kalsiamu iko juu, PTH inatakiwa iwe imeshuka mpaka chini kabisa, maana tezi isiyo na ugonjwa ikiona kalsiamu nyingi inanyamaza. Kwahiyo ukiwa na kalsiamu 2.85 na PTH 50, karatasi ya maabara itaandika PTH ni ya kawaida, hamna nyota wala herufi nyekundu, lakini hiyo sio kawaida hata kidogo, hiyo tezi inaongea wakati ilitakiwa iwe kimya. Nimeona watu wamekaa miaka na karatasi hiyo kwenye mfuko wa rambo.

Na kuna vitu vya kuondoa njiani kabla ya kukimbilia skani. Dawa za presha za kukojosha za jamii ya thiazaidi zinaweza kupandisha kalsiamu, lithiamu ya wagonjwa wa akili pia. Vitamini D ikiwa chini PTH inapanda, kwahiyo nayo ipimwe. Vile vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi ambavyo dada zangu mnavipenda vinaweza kuvuruga mashine ya kupima PTH ikatoa namba ya chini ya uongo, mwambie daktari kama unavimeza. Halafu kuna familia zina tatizo la kurithi, kalsiamu yao iko juu kidogo tangu wanazaliwa na mkojo wao una kalsiamu kidogo sana, hao hawahitaji kupasuliwa, upasuaji hautawasaidia, na njia ya kuwajua ni kukusanya mkojo wa masaa 24 kwenye galoni. Ni usumbufu najua, kutembea na galoni la mkojo sio kitu cha kufurahisha, ila kusanyeni tu. Mtu wa namna hii ukimkimbiza kwenye kamera yangu bila hiyo galoni naweza kukuta kidoa chochote pale shingoni na kidoa hicho kikampeleka thieta bure.

Kwanini sasa picha inaweza kukosa? Hapa ndo penye utamu wa somo lenyewe na ndo maana nikasema niandike. Vitezi hivi havizaliwi pale vinapoishi. Mtoto akiwa bado kijusi, vile viwili vya chini vinaanzia juu kwenye koo pamoja na thaimasi, ile tezi ya kifuani, na vinasafiri nayo kushuka. Kawaida vinaachia njiani vinabaki kwenye ncha ya chini ya thairoidi. Visipoachia vinaburutwa hadi kifuani, vinakaa karibu na moyo. Vya juu safari yao ni fupi, lakini vikikua vizito vinaweza kuteleza nyuma ya umio vikashuka. Vingine vinajificha ndani ya nyama ya thairoidi yenyewe, vingine vinabaki juu kabisa karibu na taya havijawahi kushuka. Yani unatafuta kitu cha sentimita moja katika eneo linaloanzia chini ya sikio hadi kwenye moyo.

Kuna nahodha wa meli wa Marekani, Charles Martell, kisa chake kila anayesomea hizi tezi anakijua. Mifupa yake ilianza kulainika karibu 1918, mtu alikuwa pande la baba, akapungua urefu kama sentimita 18, mgongo umejikunja, mifupa inavunjika ovyo, anakojoa changarawe. Mwaka 1926 ndo madaktari wakafahamu ni parathairoidi, na huo ulikuwa ufahamu mpya kabisa maana mtu wa kwanza kutolewa uvimbe wa hizi tezi alipasuliwa na Felix Mandl kule Vienna mwaka 1925 tu. Martell akapelekwa Massachusetts General Hospital pale Boston, wakampasua shingo, hawakuona. Wakampasua tena, hawakuona. Wakaendelea hivyohivyo, shingo ileile. Inasimuliwa kwamba mwenyewe alikuwa anakaa kusoma vitabu vya anatomia na ndiye aliyewasukuma waangalie kifuani. Mwaka 1932, operesheni ya saba, wakafungua kifua na uvimbe ukawa humo, wa sentimita 3 hivi. Hakuishi sana baada ya hapo, figo zilikuwa zimeshaharibika na mawe, alifariki wiki chache baadaye kufuatia operesheni ya jiwe.

Operesheni sita shingoni na kitu kiko kifuani. Na zingatia kwamba hakuna siku kwenye kile kisa walisema "hatujaona, kwahiyo huumwi", damu ilisema anaumwa na wakaendelea kutafuta. Sasa hivi tuna mashine ambazo wale wazee wa Boston wangelia machozi wakiziona, halafu mtu anapigwa picha moja tu, haionyeshi, faili linafungwa. Hilo ndo linaloniumiza.

Haya, mashine zenyewe. Ya kwanza ni ultrasaundi, ya shingo, kwa kile kichwa chembamba cha mawimbi ya juu. Haina mionzi, ni rahisi, inapatikana mikoani. Adenoma inaonekana kama kiyai cheusi nyuma ya thairoidi, na ukiwasha rangi za mtiririko wa damu unaona mshipa mmoja unaingia kwenye ncha yake ukizunguka ukingo, ule mshipa ukiuona unajua hiki sio kitezi cha limfu maana cha limfu mshipa wake unaingilia katikati. Ubaya wa ultrasaundi ni mkono wa anayeipiga. Mtu aliyezoea kutafuta parathairoidi na mtu aliyezoea kuangalia mimba hawaoni kitu kimoja. Na haioni nyuma ya bomba la hewa wala ndani ya kifua, hewa na mfupa vinaizuia.

Ya pili ndo yangu, skani ya sestamibi. Hii dawa ilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia moyo, halafu mwaka 1989 watu wa Uingereza wakaripoti kwamba parathairoidi iliyoharibika nayo inaivuta. Sestamibi inapenda seli zenye mitokondria nyingi, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, na adenoma nyingi zimejaa seli za hivyo. Tunaibandika kwenye teknisiamu, ambayo ndo inayotoa mionzi ya gama kamera iipokee. Teknisiamu yenyewe tunaikamua asubuhi kutoka kwenye jenereta, kopo zito la risasi lenye molibdenamu ndani, na molibdenamu inafifia kila siku, inapungua nusu kila masaa 66, kwahiyo jenereta inatoka nje ya nchi na ndege, ndege ikichelewa wagonjwa wangu wote wa siku ile wanarudi nyumbani. Naomba mtuelewe tukiwapigia simu usiku kuahirisha.

Siku yenyewe inaendaje. Nitamweleza mama mmoja mtu mzima kutoka Njombe, vitu vidogovidogo nimebadilisha asijulikane. Alikuja na binti yake, namwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, na swali la kwanza ni hiyo mionzi itabaki mwilini mpaka lini. Nikamwambia mama, hii nguvu yake inapungua nusu kila baada ya masaa 6, kesho saa kama hii inakuwa imebaki moja ya kumi na sita, na nyingine unaikojoa, kunywa maji tu. Kiasi cha mionzi cha skani hii ni kama millisiveti 6 hadi 7, mtu anapata karibu 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini na angani bila kwenda hospitali yoyote, kwahiyo ni kama miaka mitatu ya kuishi tu duniani. Mjamzito hatumpigi, mwenye mtoto wa kunyonya tunaongea naye kwanza.

Nikampiga sindano ya mkono na baada ya sekunde chache akakunja uso, "mwanangu mbona mdomo umekuwa na ladha ya msumari?" Ndo yenyewe mama, ni dawa inapita, inaisha sasa hivi. Wengi wanaisikia hiyo ladha ya chuma na hakuna anayewaambia mapema, mi nawaambia siku hizi kabla ya sindano.

Baada ya dakika kumi au kumi na tano analala chali, mto mdogo chini ya mabega ili shingo ifunguke, na picha ya kwanza inapigwa. Hapo unaona kila kitu kinawaka: thairoidi pande zote mbili, tezi za mate, na chini moyo unang'aa. Parathairoidi haijajitenga bado. Kisha anatoka nje anasubiri, anakunywa chai yake, na baada ya masaa mawili hivi hadi matatu anarudi napiga tena. Katikati hapo thairoidi inaisafisha ile dawa inafifia, ila adenoma inaing'ang'ania, kwahiyo kwenye picha ya pili shingo imekuwa nyeusi na kimebaki kidoa kimoja. Ikitoka hivyo nasikia raha isiyo na kifani. Halafu vichwa vya kamera vinamzunguka kuchukua picha za pande zote na CT ndogo (eksirei inayozunguka mwili na kuuonyesha vipandevipande) juu yake, ili kidoa kijulikane kiko mbele au nyuma, juu au chini ya mtulinga. Bila hiyo ya kuzunguka unajua tu kipo kushoto, na "kushoto" haimtoshi anayeshika kisu. Picha lazima iteremke hadi kwenye moyo pia, sio shingo peke yake, Martell alilipia hilo somo.

Sasa yule mama ana goita. Kule nyanda za juu kusini goita lilikuwa jambo la kawaida miaka na miaka kabla ya chumvi kuwekwa madini joto, na wazee wengi wanatembea na vinundu vyao vya zamani. Vinundu vya thairoidi navyo vinaishika sestamibi vizuri tu. Kwahiyo picha yake ya pili ilikuwa na kidoa kizito kulia na kingine hafifu sana kushoto chini, hafifu kiasi kwamba ukiwa na haraka unakipita. Mtu angeweza kabisa kuandika ripoti kuhusu kile cha kulia akaenda kula. Daktari wetu akasema tusubiri ultrasaundi, ultrasaundi ikaonyesha cha kulia kiko ndani kabisa ya nundu la thairoidi, na cha kushoto haikukiona hata kidogo. Kwenye picha za kuzunguka, kile hafifu kikawa kimekaa nyuma kabisa, ubavuni mwa umio, mahali ambapo thairoidi haina shughuli.

Akapelekwa skani ya CT ya awamu, ile wanayoiita ya dimensheni nne, ya nne ikiwa ni muda. Wanapiga kwanza bila dawa, hapo thairoidi inaonekana nyeupe yenyewe kwa sababu ina aidini ndani na parathairoidi inabaki ya kijivu. Wanaingiza dawa ya kung'arisha mishipa wanapiga kwenye sekunde kama ya 25 au 30, adenoma inawaka sana maana ina damu nyingi, kisha wanapiga tena kama sekunde ya 80, na adenoma imeshaanza kufifia wakati vitezi vya limfu ndo kwanza vinapanda. Ile tabia ya kuwaka haraka na kuzima haraka ndo inayoitambulisha. Ya mama ilifanya vilevile, palepale nyuma ya umio. Ina mionzi zaidi na dawa yake inahitaji figo ziwe zinafanya kazi, kwahiyo sio ya kila mtu, na kwa wagonjwa hawa ambao figo zimeshachoka na mawe ni jambo la kupima kwanza.

Ipo na ya nne, skani ya PET ya koline, nayo ni ya kudungwa dawa yenye mionzi ila mashine yake ni nyingine. Hii iligundulika kama kwa bahati, wanaume wenye saratani ya tezi dume walikuwa wanapigwa skani ya koline na madaktari wakaanza kuona vidoa shingoni ambavyo havikuhusiana na saratani, wakavifuatilia vikawa parathairoidi. Inaona vitu vidogo zaidi ya sestamibi, na Ulaya, hasa Ufaransa, wanaitumia sana pale nyingine zinaposhindwa. Kwetu shida ni dawa yenyewe. Florini yake inapungua nusu kila dakika 110, haiwezi kusafirishwa mbali, inataka kiwanda chake karibu na mashine. Nairobi mashine za PET zipo na saiklotroni, ile mitambo ya kutengenezea dawa hizi za mionzi, ipo, lakini kuwa na mashine na kuwa na koline ni mambo mawili tofauti, pigeni simu muulize kabla ya kukata tiketi ya basi.

Kwa wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo niseme kwa kifupi, yenu ni habari nyingine. PTH zenu zinapanda kwa sababu figo zimeshindwa kutoa fosfeti na kuamsha vitamini D, na vitezi vyote vinne vinakua kwa pamoja. Matibabu yanaanza na dawa na chakula, na ikifika kupasua daktari anaviangalia vyote, picha inamsaidia zaidi kujua kama kuna cha tano au kilichojificha kifuani.

Kuna kitu bado sijakisema, hata picha zote zikikataa, mtu mwenye damu inayosema ndiyo bado anaweza kupasuliwa na akapona. Daktari mzoefu wa hizi tezi anafungua shingo anavikagua vyote vinne kwa macho na kidole, ndivyo ilivyofanyika miaka mingi kabla ya kamera na matokeo yalikuwa mazuri sana mikononi mwa waliozoea. Picha inachofanya ni kupunguza ukubwa wa kidonda na muda wa thieta. PTH nayo inaisha haraka mwilini, ndani ya dakika chache inapungua nusu, kwahiyo penye maabara ya haraka wanachukua damu kabla na dakika kumi baada ya kutoa uvimbe, ikishuka zaidi ya nusu wanajua wamepata mwenyewe, isiposhuka wanaendelea kutafuta mgonjwa akiwa bado mezani. Kwahiyo muulize daktari wako wa upasuaji bila woga, kwa adabu, daktari shingo za namna hii umezifanya ngapi? Ni haki yako kabisa, na mzoefu hatakasirika.

Yule mama alitolewa uvimbe wa kushoto. Binti yake alinipigia baadaye kuuliza kama ganzi ya vidole na midomo ni kawaida, nikamwambia arudi hospitali siku ileile wapime kalsiamu, maana mifupa iliyokaa na njaa muda mrefu inaanza kuivuta kalsiamu yote kwa fujo na damu inabaki na kidogo. Wakampa kalsiamu na vitamini D, ikatulia.

Ombi langu kwa madaktari mnaoandika karatasi za skani, na kwa nyie wagonjwa mnaozibeba: msiandike "parathairoidi" peke yake. Andikeni kalsiamu ni ngapi, PTH ni ngapi, goita lipo au halipo, ameshawahi kupasuliwa shingo au bado, na CD ya ultrasaundi ije naye hata kama ripoti imesema safi. Karatasi ikija tupu nafanya picha za kawaida namaliza. Ikija imeandikwa kalsiamu 3.0 na PTH 240, na shingo ikatoka haina kitu, simruhusu mtu ashuke kitandani: naongeza muda wa kamera, narudia kifua, namwita daktari wetu aje aangalie kwenye skrini mgonjwa akiwa bado amelala palepale.